Sindano ya Nini Tena?



Hebu fikiri usiku mmoja wa mwezi wa Machi katika vilima vya Kasulu. Mvua imenyesha tangu jioni. Njia imekuwa utelezi mtupu. Hata hivyo, mama mja mzito amefikishwa zahanati kwa wakati. Kabla ya jogoo kuwika, mtoto amezaliwa. Analia vizuri. Watu wote wanafurahi.

Mara muuguzi anachukua sindano na kumchoma mama pajani. Mama mkwe anashtuka.

"Mwanangu," anamwambia muuguzi, "mtoto amekwisha toka salama. Sindano ya nini tena? Mimi nimezaa saba nyumbani, wala sikuchomwa hata moja. Dawa ya Mungu imo mwilini. Kwa nini mnatia ya viwandani?"

Muuguzi anamjibu, "Bibi, umesema kweli. Dawa imo mwilini. Na hii ninayomchoma ni dawa hiyo hiyo."

Je, muuguzi alisema kweli? Inawezekanaje dawa ya kiwandani ikawa ndiyo ile ile ya mwilini? Na kama ni ile ile, kwa nini iongezwe? Haya ni maswali mazuri. Jibu lake linahusu maisha ya mama. Tulitafute pamoja.

1. Hatari inayokuja baada ya furaha

Mtoto akiwa tumboni hulishwa kwa njia ya kondo la nyuma. Kondo hili limeshikamana na ukuta wa mfuko wa uzazi. Mahali hapo pana mishipa mingi ya damu. Mimba ikikaribia miezi tisa, damu inayopita hapo kila dakika ni kama nusu lita au zaidi. Nusu lita ni sawa na chupa moja ya soda ya aina kubwa.

Mtoto akizaliwa, kondo hubanduka. Mishipa ile hubaki wazi, kama mifereji iliyokatwa. Mwili wa mtu mzima una damu ya lita tano hivi. Fanya hesabu mwenyewe. Mifereji ile ikiachwa wazi, mama anaweza kufa kabla ya chungu cha uji kuchemka.

Basi nini kinachoifunga? Mfuko wa uzazi wenyewe. Mfuko huo ni msuli wenye nguvu. Baada ya kuzaa hujikaza na kuwa mgumu kama ngumi. Unapojikaza hubana ile mishipa, na damu hupungua. Lakini mfuko ukilegea, mishipa haibanwi. Damu huendelea kutoka. Kulegea kwa mfuko wa uzazi ndiyo sababu kubwa ya mama kutokwa na damu nyingi mno baada ya kuzaa.

2. Ni nani anayeuambia mfuko ujikaze?

Mwili una wajumbe wake. Wajumbe hawa huitwa homoni. Homoni hutengenezwa sehemu moja ya mwili, huingia katika damu, kisha husafiri hadi sehemu nyingine na kutoa amri. Homoni moja huwaambia watoto wakue. Nyingine husaidia mwili kutumia sukari.

Homoni inayouambia mfuko wa uzazi ujikaze huitwa oksitosini. Hutengenezwa ndani ya ubongo, na huwekwa akiba katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo si kubwa kuliko punje ya haragwe.

Oksitosini ikifika kwenye mfuko wa uzazi hufanya kazi kama ufunguo. Msuli wa mfuko una kufuli nyingi ndogo ndogo. Ufunguo ukiingia katika kufuli, msuli hujikaza. Mimba ikikaribia kufika mwisho, kufuli hizo huongezeka sana. Ndiyo maana homoni kidogo tu huleta uchungu mkali wakati wa kuzaa, lakini haifanyi hivyo miezi ya mwanzo.

Oksitosini ina kazi ya pili. Mtoto akinyonya, ubongo hutoa homoni hii, nayo huyasukuma maziwa yashuke. Labda umewahi kuona kwamba katika siku za kwanza, mtoto anaponyonya, mama husikia tumbo linakaza. Ni ufunguo ule ule unaofungua kufuli za mahali pawili.

3. Shanga tisa

Mwaka 1906 mtaalamu wa Uingereza aitwaye Henry Dale aligundua kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ile ya chini ya ubongo hukaza mfuko wa uzazi wa mnyama. Miaka mitatu baadaye, daktari mwingine wa Uingereza, William Blair-Bell, aliandika jinsi alivyoitumia dawa hiyo kwa akina mama waliokuwa wakitokwa na damu.

Wakati ule dawa ilitoka machinjioni. Tezi za ng'ombe na nguruwe zilikusanywa na kukamuliwa. Hiyo ilikuwa dawa ya asili kabisa. Lakini ilikuwa na kasoro. Tezi ile ina homoni nyingine pia, ambayo hupandisha shinikizo la damu. Zote mbili zilikamuliwa pamoja. Nguvu ya dawa nayo haikuwa sawa kila mara. Mama aliyehitaji dawa moja alipewa na nyingine asiyoihitaji.

Mwaka 1953 mtaalamu wa Marekani, Vincent du Vigneaud, alifaulu kuijua oksitosini ilivyoundwa. Fikiri juu ya uzi wa shanga. Oksitosini ni shanga tisa tu zilizopangwa kwa utaratibu maalumu. Shanga sita za kwanza zimefungwa kama pete, na tatu zilizobaki zinaning'inia kama mkia. Kisha yeye na wenzake walizitunga shanga hizo maabara, bila kutumia tezi ya mnyama yeyote. Walipoijaribu, ilifanya kazi sawasawa na ile ya asili. Mwaka 1955 alipewa Tuzo ya Nobel.

Basi muuguzi wetu hakumdanganya bibi. Oksitosini ya kiwandani ina shanga zile zile, kwa mpango ule ule. Kufuli haiwezi kujua kama ufunguo umetoka ubongoni au umetoka katika chupa.

4. Ufunguo ni mmoja, lakini njia ni mbili

Kama ni hivyo, hakuna tofauti yoyote? Tofauti ipo. Lakini haimo katika dawa yenyewe. Imo katika namna inavyoingia mwilini.

Kwanza, ubongo hutoa oksitosini kwa vipindi. Hutoa kidogo, hungoja, hutoa tena. Ni kama mtu anayepiga ngoma kwa mpigo. Sindano huingiza dawa yote kwa mara moja. Dripu huiingiza bila kupumzika. Ikiingia kwa saa nyingi mfululizo, kufuli huchoka. Ndiyo maana mama aliyekaa na dripu ya uchungu kwa muda mrefu huangaliwa zaidi baada ya kuzaa, kwa sababu mfuko wake unaweza kulegea.

Pili, mwili hujipimia wenyewe. Sindano hupimwa na mtu. Mtu akikosea, hakuna wa kumzuia. Sindano hii ikichomwa kabla mtoto hajatoka, uchungu unaweza kuzidi. Mtoto hukosa hewa, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Kwa hiyo usikubali kamwe mtu akuchome sindano ya kuharakisha uchungu nyumbani au dukani. Hospitalini dawa hiyo hutiwa katika dripu polepole, na mama huangaliwa muda wote.

Tatu, oksitosini ya ubongoni hufanya kazi ndani ya ubongo pia. Ile ya sindano hubaki katika damu, na ni kidogo mno inayoweza kuingia ubongoni. Kwa hiyo sindano haichukui nafasi ya kumkumbatia mtoto na kumnyonyesha.

Nne, zote mbili hazidumu katika damu. Baada ya dakika chache nusu yake imekwisha vunjwa. Sindano ya msulini huanza kukaza mfuko baada ya dakika mbili au tatu, na nguvu yake huisha baada ya saa moja hivi.

5. Je, kunyonyesha hakutoshi?

Pengine utauliza, "Kama mtoto akinyonya mwili hutoa oksitosini, si tumnyonyeshe tu mara moja? Sindano ya nini?"

Wenzetu wa Malawi waliuliza swali hilo hilo. Walifanya uchunguzi pamoja na wakunga wa jadi, na matokeo yakatolewa mwaka 1989. Walihusika akina mama zaidi ya 4,000. Wengine walimnyonyesha mtoto mara tu alipozaliwa. Wengine walifuata desturi yao ya kawaida. Mwishowe ilionekana kwamba waliotokwa na damu nyingi hawakupishana sana katika makundi hayo mawili.

Tuelewe vizuri maana yake. Kumnyonyesha mtoto katika saa ya kwanza ni jambo jema sana. Humpa mtoto joto na maziwa ya kwanza yenye kinga. Lakini kuzuia damu pekee, hakutoshi. Mama aliyechoka baada ya uchungu mrefu, au aliyezaa mapacha, au aliyezaa mara nyingi, mfuko wake huenda usiitikie. Na wapo wanaotokwa na damu ingawa hawana dalili yoyote ya hatari. Hatuwezi kujua mapema ni nani. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama apewe dawa ya kukaza mfuko mtoto akiisha kuzaliwa. Kwa oksitosini, kipimo ni yuniti 10.

Bibi alizaa saba bila sindano, na akapona. Tunashukuru. Lakini katika kijiji kile kile walikuwapo wenzake ambao hawakupona. Hao hawapo leo kutusimulia.

6. Funguo za namna nyingine

Zipo dawa nyingine ambazo si shanga zile tisa, lakini hufanya kazi ya kukaza mfuko. Tuzitazame tatu.

Ya kwanza ni kabetosini. Hii ni oksitosini iliyochongwa upya kidogo kiwandani ili mwili usiivunje upesi. Hudumu zaidi. Tena iko ya aina isiyoharibiwa na joto. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa akina mama karibu 30,000 katika nchi 10, zikiwemo jirani zetu Kenya na Uganda. Dawa hii ilionekana kuzuia damu sawa na oksitosini.

Ya pili ni vidonge vya misoprostoli. Mwili hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini, ambavyo ni kama ndugu wa homoni. Navyo hukaza mfuko. Lakini huvunjwa upesi sana, wala haviwezi kumezwa vikafaa. Wataalamu walibadili umbo lake kidogo, ikapatikana misoprostoli. Hii humezwa, hudumu, na haihitaji barafu. Hata hivyo, huweza kumfanya mama atetemeke na kupata homa kwa muda. Nayo ni hatari ikitumiwa kabla mtoto hajatoka. Kama tumboni kuna pacha wa pili, lazima atoke kwanza.

Ya tatu ni ergometrini. Asili yake ni kuvu linaloota juu ya nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Ni kitu cha asili, hakikuundwa na mtu. Lakini zamani watu wengi wa Ulaya waliokula mkate wenye kuvu hilo waliugua na kufa. Na mama mwenye shinikizo kubwa la damu hapewi ergometrini, kwa maana hulipandisha zaidi.

Umeona jambo hilo? Dawa ya asili inaweza kuwa kali kuliko ya kiwandani. Dawa ya kiwandani inaweza kuwa sawasawa na ya mwilini. Kwa hiyo usiulize tu, "Imetoka wapi?" Uliza pia, "Inafanya kazi gani? Kipimo chake ni kiasi gani? Inatolewa wakati gani?"

7. Na dawa za miti shamba?

Katika nchi yetu akina mama wengi wamekunywa dawa za majani na mizizi wakati wa uchungu. Tusizidharau, wala tusizitumie kwa upofu.

Katika miaka ya 1960 daktari wa Norway aitwaye Lorents Gran alifanya kazi Kongo. Aliona akina mama wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili mtoto atoke upesi. Uchunguzi ulionyesha kwamba mmea huo una kitu kinachokaza kweli mfuko wa uzazi. Nacho ni kama uzi wa shanga, ila ni shanga 29 zilizofungwa duara bila mwanzo wala mwisho. Ndiyo maana hakiharibiki hata kikichemshwa.

Basi wazee hawakuwa wajinga. Dawa ilikuwamo. Shida ni kipimo. Katika kikombe cha chai hakuna anayejua imo nguvu kiasi gani. Leo ni hafifu, kesho ni kali mno. Mama akinywa dawa hiyo, kisha akaongezewa dripu hospitalini, funguo mbili zinafungua kufuli kwa pamoja. Mfuko unaweza kupasuka. Kwa hiyo kama mama amekunywa dawa yoyote, mwambie muuguzi bila kuficha. Muuguzi mwema hatakugombeza. Atashukuru kwa kujua.

8. Kanga mbili

Jambo hili lina historia katika mkoa wetu wa Kigoma. Watu wengine huja kujifunza kwetu.

Miaka ya 1980 daktari Godfrey Mbaruku na wenzake katika hospitali ya mkoa mjini Kigoma waliamua kupunguza vifo vya akina mama kwa kutumia vizuri zaidi vitu vilivyokuwapo. Mwaka 1984 vilikuwa vifo 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ilipofika mwaka 1991 vilishuka hadi 186.

Lakini wengi walizalia nyumbani, mbali na hospitali. Huko mtu atajuaje kwamba damu imezidi? Hakuna chombo cha kupimia. Wataalamu, pamoja na daktari Mbaruku, walitazama kitu kilichomo katika kila nyumba, yaani kanga. Kanga zina ukubwa unaokaribiana. Ilipimwa, ikaonekana kwamba kanga mbili zilizolowa chapachapa hubeba zaidi kidogo ya nusu lita ya damu. Hicho ndicho kiasi cha hatari.

Wakunga wa jadi walifundishwa kipimo hicho. Katika eneo moja, damu ikizidi, walimpa mama misoprostoli. Katika eneo jingine walimpeleka kituo cha afya kama ilivyokuwa kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2005. Mahali palipokuwa na vidonge, waliohitaji kupelekwa kituoni walikuwa wachache sana kuliko mahali pengine. Wakunga hao waliweza kazi hiyo, ingawa baadhi yao hawakuwahi kuingia darasani.

9. Joto ni adui

Oksitosini ya mwilini haihitaji friji. Mwili huitengeneza wenyewe. Ile ya chupa huharibiwa na joto. Hutakiwa kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa juani au kwenye kabati la joto, hupoteza nguvu. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Maji ni yale yale meupe, lakini ufunguo umevunjika ndani.

Hapo ndipo wewe, mwanakijiji, unapoingia. Kama wewe ni mjumbe wa kamati ya afya, iwe Kibondo, Kakonko, Buhigwe au Kasulu, uliza katika mkutano: Friji ya zahanati yetu inafanya kazi? Umeme au gesi ikiisha, nani huleta habari? Sindano za uzazi zinatunzwa ndani ya friji au juu ya meza? Kuuliza hivyo si kumgombeza muuguzi. Ni kumsaidia.

10. Tufanye nini?

(a) Mama mja mzito ahudhurie kliniki tangu mapema. Azalie kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali.

(b) Kabla ya siku kufika, mume na mke wapange: nani atamsindikiza, usafiri utatoka wapi, nani atabaki na watoto. Kama nyumbani ni mbali na mvua ni nyingi, mama ahamie karibu na kituo mapema.

(c) Mtoto akizaliwa, mama akubali sindano au vidonge anavyopewa na mkunga.

(d) Mtoto anyonyeshwe katika saa ya kwanza.

(e) Wanaomhudumia mama watazame damu. Kanga moja ikilowa na ya pili ikaanza kulowa, msingoje. Kama mko nyumbani, pigeni simu, tafuteni usafiri, mkimbizeni kituoni.

(f) Usinunue wala kutumia dawa ya uchungu bila mtaalamu.

Turudi sasa kwa bibi yule wa zahanati. Muuguzi alimshika mkono, akamwekea tumboni kwa mama, chini kidogo ya kitovu. "Gusa hapa, bibi," alimwambia. Bibi aligusa. Mfuko ulikuwa mgumu kama ngumi.

"Umekaza," bibi alisema.

"Ndiyo. Mwili umefanya kazi yake, na sindano imeusaidia."

Maneno ya kukumbuka

Homoni: mjumbe wa mwili anayesafiri katika damu.
Oksitosini: homoni inayokaza mfuko wa uzazi na kushusha maziwa.
Kondo la nyuma: kitu kinachomlisha mtoto tumboni, nacho hutoka baada ya mtoto.
Misoprostoli: vidonge vinavyokaza mfuko wa uzazi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini muuguzi alisema sindano ile ni dawa ile ile ya mwilini?
2. Taja tofauti mbili kati ya oksitosini inayotoka ubongoni na ile ya sindano.
3. Uchunguzi wa Malawi ulitufundisha nini?
4. Kwa nini ni hatari kuchanganya dawa ya miti shamba na dripu ya uchungu?
5. Kutoka kijijini kwenu hadi kituo cha afya ni mwendo wa saa ngapi wakati wa mvua? Kijiji chenu kimepanga nini kwa mama atakayepata uchungu usiku wa leo?